Aliyesimikwa Langoni

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Randu Menza walimsifu miaka nenda miaka rudi na zege lake halikupungua saruji. Watamu nzima ilijua: pale njia ya nyumba inapokutana na barabara kuu, mwite Randu. Masika hupapenda mno mahali hapo. Mvua huchimba, hula ukingo wa lami, na gari la mwenye nyumba huingia kwake kwa kurukaruka kama mbuzi. Randu akishamwaga zege lake, na kamteremko kake ka kupeleka maji mtaroni, mvua hupita kwa adabu.

Mwaka wa themanini na nne, tajiri mmoja wa mbali alimaliza nyumba yake karibu na ufuo akamwita. Alitaka zege kutoka langoni hadi kwenye lami, na nguzo mbili za mapambo zisimikwe ndani ya zege hilo hilo, moja kila upande. Nguzo zenyewe zililetwa kutoka duka la vinyago, zimeviringishwa magunia na kufungwa kamba mpaka utosini.

Msimamizi wa kazi aliitwa Gerishom, Mgiriama mwenzake, aliyeokoka zamani na asiyekubali mtu asahau hilo.

"Usizifungue, fundi," alimwambia. "Tajiri anataka kuzifunua mwenyewe."

Randu akamwaga zege, akaisimika ya kwanza, akaishindilia kwa vipande vya matumbawe huku akipiga mluzi. Kisha akatoa timazi aone kama imesimama wima. Hapo ndipo fahari ya kazi ilipomponza. Gunia lilikuwa limevimba upande mmoja na uzi haukukaa sawa. Randu hakuwahi kuacha nyuma yake nguzo iliyopinda. Akalegeza kamba, akalivuta gunia chini.

Timazi ikamponyoka.

Kilikuwa kigango, ule ubao ambao Wagiriama huwachongea wazee wao wakubwa wakishafariki. Kichwa cha duara, nakshi za pembetatu kifuani, na kwenye bega la kushoto kipengo kidogo. Kipengo kile Randu alikijua. Shoka la mchongaji, mzee Dzombo, liliteleza siku ya kukichonga, Randu akakasirika, na mzee akamjibu, "Babako si alikuwa na kovu papa hapa? Basi ndiye."

Ndiye! Baba yake mzazi, miguu kwenye saruji, kwenye lango la mtu asiyemjua, magari yampite asubuhi na jioni. Na aliyemsimika hapo ni mwanawe mwenyewe, tena kwa mluzi.  

Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Ukoo ukihama, mzee hubaki. Ndivyo walivyofanya walipofuata udongo mzuri wa mto Sabaki: walimmwagia baba tembo la mnazi, wakamuaga, wakamwacha kwenye mahame yao nyuma ya Dabaso. Nani aibe mfu? Walidhani heshima inatosha kuwa mlinzi. Kumbe asiyekuwapo na lake halipo, hata kama hilo lake ni baba.

Zege lilikuwa linaanza kushika. Likikauka, itakuwa kazi ya nyundo, na mzee atapasuka nalo. Lakini kumng'oa aliyesimikwa nako ni mwiko, na mwenye kusimika alikuwa yeye.

"Kuna nini, fundi?" Gerishom aliuliza.

"Huyu ni baba."

Gerishom alicheka. "Huo ni mti tu, Randu. Mambo hayo mimi niliyaacha."

"Mti tu?" Randu alimwonyesha nguzo ya pili, bado imo maguniani. "Basi fungua huo."

Gerishom akachuchumaa, hodari kabisa, akashika kamba. Vidole vikagoma. Akabaki ameishika, jasho likimtiririka shingoni, kisha akainuka bila kufungua hata fundo moja.

"Wachukue wote wawili," alisema kwa sauti ndogo. "Nitamwambia tajiri wameibwa."

"Hutakuwa umesema uongo."

Randu akamng'oa baba yake kwenye zege bichi, akimwomba radhi kwa kila mvuto, akawalaza wote wawili kwenye mkokoteni. Watu wa Watamu walisimama njiani midomo wazi. Kwenye mahame akamrudisha baba katika shimo lake la zamani. Yule wa pili akamfungua na kumsimamisha kando, akawamwagia wote mnazi. Tangu siku hiyo akawa analala huko huko, hana imani na mtu.

Jumapili Gerishom alimfuata, Biblia kwapani. Alimtazama yule mgeni kwa muda mrefu, kichwa mpaka miguu.

"Ni wenu?" Randu aliuliza.

"Si wetu." Gerishom aliketi chini mchangani, na suruali yake ya kanisani. "Wetu nimetoka kumtazama sasa hivi, ndugu yangu. Nimekuta shimo."