Mabega ya Kushikwa

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: ninyanyue jiwe zito mara tano, au jepesi mara hamsini? Nilikuwa nimemaliza shule ya serikali pwani na kurudi Ugogo, mwembamba, wakati Wajerumani wakikamata wapagazi wa vita. Kaka yangu alichukuliwa, akafia njiani. Askari hakubebeshwa mizigo, tena alilishwa. Nilitaka kifua cha askari kabla Wajerumani hawajarudi kijijini.

Nikachagua uzito. Kila asubuhi nilinyanyua jiwe la bibi la kusagia mtama mara tano, nikapumzika, nikarudia, kisha nikajipima kifua kwa kamba. Baada ya mwezi kifua kilikuwa kimeizidi kamba kwa upana wa kidole.

Bibi alinitazama, akaniita kwa utani wa bibi na mjukuu. “Mume wangu, mabega hayo unamnenepeshea nani? Wale hawapimi kifua. Wanashika bega, kama mnunuzi wa ng’ombe.”

“Nitawaambia nataka uaskari, bibi.”

“Kaka yako aliwaambia hivyo hivyo.”

Nililirudisha jiwe mahali pake. Heri nikonde hadi wanikatae. Ugali ulipoiva nilikula matonge mawili, sahani nikamsogezea bibi.