Maisha ya Sista Pima-Tena, Mkunga wa Mapacha

Alizaliwa wa pili, na hilo ndilo jambo la kwanza la kujua juu yake. Baba yake alikuwa mshona magodoro, na mama yake alishikwa na uchungu katika chumba cha nyuma cha karakana, Jumatatu ya kwanza ya Majilio, katikati ya magunia ya pamba. Pacha wake alitanguliza miguu, kichwa kikakwama, na wanawake waliokuwepo wakasema asubiriwe, Mungu yupo. Mungu yupo kweli, lakini mtoto alitoka amekwisha kufa. Yeye alifuata nusu saa baadaye, analia kwa hasira, na sisi tuliomfahamu tunajua kwamba hasira ile hakuiacha mpaka kaburini.

Kamati ya kumbukumbu ya parokia imeniomba niandike maisha haya kwa lugha ya kujenga imani. Nimekubali kwa moyo mmoja. Ila wamenipa na miujiza ya kuingiza, na wa kwanza ni kwamba Sista aligeuza mapacha tumboni kwa sala, na kwamba hakuna mama aliyepita mikononi mwake akapasuliwa. Jamani. Nilikuwa muuguzi chini yake miaka kumi na mmoja, wanamfundisha nani? Pembe yake ya mbao ya kusikilizia mapigo ya watoto wameifungia kanisani kwenye kabati la kioo, na wajawazito wa mapacha wanakuja kuligusa, kisha wanarudi nyumbani kukataa upasuaji. Mwezi uliopita mmoja alijifungia ndani siku mbili na uchungu, mtoto wa kwanza ametanguliza makalio. Waliponea chupuchupu, yeye na watoto wake. Kwa hiyo nitaandika yaliyotokea, na kamati itanisamehe ikipenda.

Alipotimiza miaka kumi na tisa aliingia shirikani. Mlezi wa wanovisi aliandika juu yake kwamba ana sala nzuri na mdomo mbaya. Baada ya nadhiri za kwanza alipelekwa kusomea ukunga, akarudi na cheti, ile pembe, na mikono ya baridi ambayo wajawazito waliilalamikia miaka arobaini. Jina la Pima-Tena alipewa na wafagizi wa wodi. Kila mjamzito aliyeingia mlangoni, hata kama alipimwa asubuhi ileile, hata kama picha ya mashine imo kwenye faili, Sista alimlaza, akampapasa tumbo, akauliza: wa kwanza amelalaje? Kwa mapacha, alitufundisha, mtazameni kwanza yule aliye karibu na njia. Akitanguliza kichwa, na mama ni mzima, na daktari wa upasuaji yuko jirani, mama anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Akitanguliza makalio, au akikingama, msipoteze muda kubishana. Yeye kisu hakukipenda wala hakukichukia. Waliokipenda na kukichukia ni watu, tena kabla hata ya kuuliza, na walimchosha kupita kiasi.

Jaribu lake kubwa lilitoka nyumbani. Mtoto wa mdogo wake, binti aliyekuwa mshona sare za shule, alibeba mimba yake ya kwanza, na ikawa ya mapacha. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mwema asiyeweza kuchagua hata soksi bila kumuuliza mama yake. Mama huyo alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia. Mwanzoni alitaka mkwewe apasuliwe kwa tarehe maalumu, maana mapacha ni mapacha, na jirani yake alifanyiwa hivyo. Sista akapima, akakuta wa kwanza kichwa chini, akasema kwa sasa hakuna haja. Mama mkwe alinuna wiki nzima. Kisha akageuza kibao: akatangaza kila mahali kwamba mkwewe atajifungua mwenyewe kama wanawake wengine, Sista amesema. Akaalika wageni. Kina mama wakaanza novena. Lile "kwa sasa" hakuna aliyelikumbuka.

Uchungu ulianza Alhamisi asubuhi, wiki ya thelathini na saba. Binti alifika na mumewe, mama mkwe, na kina mama watano wenye chupa za chai kana kwamba wanakwenda hija. Sista alimlaza binti, akapapasa, akapapasa tena. Akaitafuta sauti ya mtoto wa kwanza mahali pake pa kawaida, akaipata kwingine kabisa. Mtoto alikuwa amekingama. Chupa ya uzazi ilikuwa bado nzima. Ikipasuka, kamba ya kitovu ingeweza kutangulia, na mtoto angekufa tukitazama. Sista akatoka kwenye korido akasema ni upasuaji, na ni sasa hivi.

Mama mkwe akasimama. "Sista, ulisema mwenyewe atajifungua kawaida. Utalikana neno lako mbele ya watu?"

"Nilisema wiki mbili zilizopita," Sista akajibu. "Leo mtoto amelala vingine. Yeye hakuwepo kwenye vikao vyenu."

Mume akaomba angalau ampigie simu baba yake mkubwa, washauriane. Hapo tulitegemea Sista awake moto. Hakuwaka, na hilo lilitutisha zaidi. Alirudi ndani, akavuta kiti, akamweleza binti bila kumficha kitu: mtoto alivyolala, hatari ya kungoja, maumivu ya mshono, uangalifu atakaouhitaji kwa mimba nyingine. Naamini alikuwa anamwona yule aliyemtangulia kwenye magunia ya pamba.

"Mwanangu," akasema, "wote wameshasema. Wewe unasemaje?"

Katika miezi minane hakuna aliyekuwa amemuuliza. Binti alitazama mlango, kisha akamtazama yeye. "Mama Mkubwa, nataka kurudi nyumbani na wote wawili. Nipelekeni."

Akatia sahihi mwenyewe. Haikupita saa moja, watoto wawili walikuwa wanalia, na mimi nilikuwa nalia nao.

Mama mkwe naye, mwenye wageni wa kuwaeleza, alitoka getini akasema Sista amesali, mtoto amegeuka, mambo yamekwisha salama. Uongo huo ulifika kanisani kabla mshono haujakauka. Sista aliposikia alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa kina mama akawaambia kwamba hakugeuza mtu, na kwamba aliyeokoa ni daktari. Wakatazamana, wakasema, oneni unyenyekevu wake. Alirudi wodini akabamiza mlango.

Alifariki miaka tisa baadaye, mchana wa Jumamosi, kwa kiharusi, akiwa na miaka sitini na sita. Neno lake la mwisho lilikuwa kwangu: "Yule wa mapacha, umempima tena?" Nikasema nimempima asubuhi. Akafumba macho kwa uchovu wa mtu aliyerudia jambo moja maisha yake yote. Nikaenda kupima. Wa kwanza alikuwa kichwa chini, salama, na jioni mama yule alijifungua mwenyewe bila shida. Mchana ule niliporudi kumpa habari ya kipimo, Sista alikuwa ameshakwenda. Hakuna muujiza hapo, na sitauongeza.

Maandishi haya, mpaka hapo, niliyasoma mbele ya kamati Jumapili, baada ya misa. Mama mkwe, ambaye bado ni mwenyekiti, akasema habari ya upasuaji iondolewe, itawavunja moyo waamini. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Ndipo yule mshona sare, aliyekaa kimya miaka kumi na saba, akainuka kwenye benchi la nyuma katikati ya watoto wake wawili, ambao sasa wamempita urefu.

"Mama," akasema, "mimi nilipasuliwa. Sista aliniuliza, nikakubali. Andikeni hivyo."

Padre aliomba ufunguo wa lile kabati la kioo.

Pembe sasa iko wodini, mezani kwangu. Anayetaka kumheshimu Sista asije na mshumaa. Aje na tumbo lake, alale, aseme anachotaka, nasi tutampima. Na kesho akirudi, tutampima tena.