Zamzam kwa Nia ya Mgonjwa

Majuzi, katika chumba cha wagonjwa mahututi, nilimwona khalati wangu, mdogo wake mama, akitoa kichupa chini ya buibui. Mbele yake alilala kaka yao, mjomba wangu, mpira wa mashine ya kupumulia ukiwa kooni. Muuguzi, msichana wa Kaloleni mwenye msalaba shingoni, alimdaka mkono.

"Bi mkubwa, hicho nini?"

"Zamzam, mwanangu, maji ya Makka. Matone matatu tu. Mdomo wamkauka."

"Mdomo tutampangusa sisi. Tone likipenya kando ya mpira, laenda mapafuni pamoja na vijidudu vya kinywani. Akishikwa na homa ya mapafu sasa, huenda tukampoteza."

"Zamzam imdhuru mtu?"

"Zamzam haina kosa, bibi. Njia ndiyo mbovu." Akamwachia mkono. "Kwani kwenu hainywewi kwa nia? Mnuie yeye, unywe wewe."

Khalati aliutazama msalaba, akakitazama kichupa, akaketi, akapiga bismillahi na kunywa yote.

Tangu hapo hakubanduka mlangoni. Kila jamaa aliyetoka mtaani kwetu Ndia Kuu na zamzam, asali au maji ya kombe yaliyooshewa aya za Kurani alipokonywa.

"Njia mbovu hiyo! Lete, nitamnuilia mimi."

Ijumaa mjomba alitolewa mpira, mapafu yake salama. Daktari anawasifu wauguzi, khalati anaisifu nia yake. Mimi nasema niliyoyaona tu: wiki ile mjomba alikonda, na khalati akanawiri mashavu.