Mtoto Asiyeiletea Shule Pesa

Wakati ule tulikuwa tunaishi Alby, kitongoji kimoja huko Sweden, mimi na binti yangu, katika chumba kimoja ndani ya nyumba ya mama mmoja Mrundi mwenye watoto wake wengi. Ombi letu la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, tukakata rufaa, nayo ikakataliwa. Siku tuliyotakiwa kupanda ndege kurudi Bujumbura, hatukwenda. Tangu hapo tukawa watu wa kujificha. Gari likisimama ghafla chini ya jengo, mimi nilikuwa nimeshainuka. Binti alikuwa na miaka saba.

Mtoto wa namna hiyo hakuwa na haki ya kusoma. Lakini mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa nyuma ya majengo yetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alimpokea bila kuniuliza mengi. "Aje," alisema. "Darasa la kwanza lina nafasi."

Sikujua alikuwa anajitwika nini. Mimi nilichokiona ni chakula. Katika shule za Sweden watoto wote hula mchana bure, wa daktari na wa mfagizi, na hakuna anayeuliza kwao wana nini. Jioni binti alinisimulia kama mtu aliyetoka arusini: viazi, samaki wa kuoka, maziwa kadiri unavyotaka, na Alhamisi supu ya njegere na chapati nyembamba za kupakwa jemu. Mimi nilikuwa nasafisha nyumba za watu kwa malipo ya mkononi, na zilikuwapo wiki ambazo hakuna aliyenipigia simu. Wiki hizo, sahani ya shule ndiyo ilikuwa chakula chake. Jioni nilimkorogea uji, nikamwambia mimi nimeshakula. Alikuwa ananitazama tu, halafu anapunguza kasi ya kijiko.

Baridi ilipoanza, yule mama akahama, akaja mwalimu mkuu mwingine, mwanamume kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Haikupita muda akamsimamisha binti masomo, akaniita. Nilikwenda na rafiki yangu Mkenya tuliyejuana kanisani. Yeye alifika Sweden kwa ndoa, alikuwa akihudumia wazee kwenye makao yao huko Södertälje, na Kiswidi alikuwa anakiongea kama maji.

Mwalimu mkuu alitupa kahawa. Kisha akaeleza polepole, akimwachia rafiki yangu nafasi ya kutafsiri.

"Anasema pesa ya shule kutoka serikalini inamfuata mtoto," rafiki yangu akaniambia. "Kila mtoto analeta pesa yake. Wazazi wengi wa hapa wamewahamishia watoto shule za binafsi, na kila anayeondoka anaondoka na pesa yake. Ameshamwachisha kazi mwalimu msaidizi. Binti yako hana namba ya utambulisho, kwa hiyo wanaogawa pesa hawamwoni. Anasema hana cha kuwajibu wakimuuliza kiti chake na sahani yake vinalipiwa na nani."

Nilimtazama yule kijana. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu mtu mbaya ningejua namna ya kumchukia.

"Mwambie hali sana," nikasema. "Mwambie mwanangu anakula kidogo."

Rafiki yangu akakiweka kikombe chake mezani.

"Mwambie."

"Dada, siwezi kutamka maneno hayo."

"Tamka!"

Akayatamka. Mwalimu mkuu akaufunika uso wake kwa viganja, akakaa hivyo hata nikasikia watoto wakipita kwenye ujia. Alipoinua kichwa alisema darasani hawezi kumrudisha, lakini jikoni chakula hubaki kila siku na kumwagwa. Binti aje saa ya chakula, ale, arudi nyumbani. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili na kuinama kidogo, kama tunavyofanya kwetu.

Nje rafiki yangu alinigeukia kwa hasira. "Umemshukuru kwa lipi?"

"Kwa chakula," nikamjibu.

Kesho yake nikampeleka. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kuyeyuka na kuwa tope. Darasa lake lilikuwa limepanga mstari mlangoni pa chumba cha kulia, na msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja akamkimbilia, akamuuliza kama alikuwa mgonjwa. Binti akamjibu kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hasomi tena pale. Kisha akanigeukia.

"Mama, siingii."

"Utaingia. Utakula."

"Kama sisomi hapa, siingii."

Nikamvuta mkono. Akaketi chini kwenye tope, na koti lake, mbele ya wenzake wote. Hakulia. Harufu ya nyama na viazi ilitufikia pale tulipokuwa, na njaa niliyoisikia ilikuwa yangu mimi mwenyewe, kali mpaka nikaona kizunguzungu. Nikamwinua, tukarudi.

Zikafuata wiki ambazo sipendi kuzikumbuka. Nikipata kazi nilimwacha chumbani, nikimwonya asiongeze sauti ya televisheni na asisogee dirishani. Aliacha kuniuliza habari za shule. Baadaye akaacha kuniuliza chochote. Mashavu yake yalibonyea, nami nikaanza kuwaza jambo ambalo mwanzoni lilinitisha, kisha likanituliza: nijipeleke polisi. Mahali wanapowafunga watu wa kurudishwa kwao, chakula kipo. Nilimpigia rafiki yangu kumuaga.

"Uko wapi?" akauliza.

"Kituo cha treni, na mtoto."

"Usiende popote. Nasema usiende popote!"

Alikuja na sare yake ya kazi, hata koti hakulifunga. Hakunishawishi kwa maneno. Alimbeba binti mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akatangulia, nami nikamfuata mpaka kwake Södertälje. Mumewe alikuwa ameshatandika godoro sebuleni.

Shule ya jirani huko ilikuwa na watoto wengi waliotoka vitani. Mwalimu mkuu wake, mzee aliyekaribia kustaafu, alisikiliza habari za namba na pesa, akasema wao wamezoea kukosa, akatuonyesha darasa. Siku ya kwanza binti alirudi amechoka, akalala kabla ya jioni na jemu shavuni.

Baadaye sheria ilibadilishwa kwa muda, kesi yetu ikaangaliwa upya, na tukaruhusiwa kukaa. Namba ilipotoka niliipeleka shuleni pamoja na rafiki yangu. Karani aliiandika kwenye kompyuta, akatabasamu. "Sasa yupo," akasema. Kiswidi kidogo hicho nilikielewa bila mkalimani.

Nilitoka nikaketi kwenye benchi la uwanjani. Sikuwa nimelia siku tulipokataliwa wala siku ya tope. Hapo nililia kwa sauti, kilio cha msibani, mpaka rafiki yangu akatoka mbio akidhani kuna jambo.

"Ni furaha?" akauliza, amenishika bega.

Nikamwambia sijui.