Gunia la Maranda

Mama Cherehani alipomchukua mbwa wa marehemu mumewe, alidhani shida ingekuwa kumlisha. Thubutu! Mbwa mwenyewe, waliyemwita Mzee, alikula chochote akalamba na sufuria. Kasheshe ilikuwa mkojo.

Mumewe alikuwa seremala, na Mzee alikulia karakanani. Mumewe alipofariki, karakana ikapata mpangaji mwingine. Mjane akarudi nyumbani na mbwa, na gunia la maranda aliyoyaranda mumewe wiki yake ya mwisho. Akaliweka miguuni pa kitanda. Mchana jua likipiga bati, chumba kizima kilinukia mbao mbichi. Basi alikuwa akisimamisha cherehani, akifumba macho na kumsikia mumewe akiingia, maranda yamemng'ang'ania nyweleni, akimwita "bibi harusi" mbele ya wajukuu bila haya. Jamani, alivyomkumbuka!

Na Mzee kila siku alilikojolea gunia hilo hilo! Akipelekwa uani, alisimama kwenye saruji kama mgeni anayesubiri kukaribishwa kiti. Wakirudi ndani tu, chururu!

"Mama Cherehani, tumeheshimiana siku nyingi," mwenye nyumba akamwambia. "Lakini harufu imefika jikoni kwangu. Nikiisikia tena wiki ijayo, mbwa aondoke."

Wifi yake alipokuja na kusikia kisa chote, alicheka hadi akashika mbavu. "Huyu hana ukorofi, wifi. Kaka alimtengea kona ya maranda pale karakana, ndiyo choo chake. Mmwagie maranda uani, mpeleke akishakula, na akimaliza msifu papo hapo. Kumgombeza baadaye hakumsaidii kitu."

Mjane akaenda kuomba maranda kwa seremala mwingine, akayamwaga uani. Mzee akayanusa, akayapa mgongo, akarudi kwenye gunia lake.

"Hata yeye anajua si ya kaka," wifi akasema, safari hii bila kucheka. "Na gunia limeshashika harufu yake. Likibaki ndani, atabaki nalo."

"Unataka nimtupe mume wangu uani?"

"Nataka usimpoteze na mbwa wake pia."

Akanuna kutwa nzima. Asubuhi akajikaza kisabuni, akaliburuta gunia mpaka pembeni mwa ua, akalikung'uta lote, hakubakiza hata konzi. Mzee alipomaliza chakula akatolewa nje. Akanusa, akazunguka, akainua mguu.

"Hongera, baba! Hongera sana!" mjane akapiga kelele, majirani wakachungulia madirishani. Akampa kipande cha nyama.

Ikawa hivyo kila baada ya chakula, na wiki ikapita bila tone ndani. Mwenye nyumba akaja, akavuta pumzi mlangoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Chumba hakinuki chochote," akasema.

"Ndiyo," Mama Cherehani akajibu. "Hakinuki chochote."

Alipoondoka, mjane akaketi chini, akamkumbatia mbwa, akazika pua yake katika manyoya ya shingo na kunusa, akitafuta harufu ya mbao.