Onyo Nililolinyamazisha

Mama anayepokea maziwa ya wakulima pale Kabazi hajawahi kuandika programu ya kompyuta, lakini ndiye aliyenifundisha kazi yangu.

Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja kwenye karakana ndogo hapa Nakuru inayotengeneza vidhibiti vya matanki ya kupoza maziwa. Kidhibiti ni kompyuta ndogo kama kiganja. Inasoma joto la maziwa na kuamua kompresa iwake lini. Mimi nilishughulikia draiva, ile programu inayouwezesha mfumo kusoma sensa ya joto. Hatukuiandika sisi. Ilikuja na mfumo endeshi wa bure unaotunzwa na watu waliotapakaa duniani, tukaitumia ilivyo.

Siku tulipoweka kompaila mpya, programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ilianza kulalamika. Onyo moja lilisema kuna mstari ambapo namba nzima kubwa inatumika kugawanya, ilhali njia ya kugawanya iliyotumika hapo hupokea namba ndogo tu. Sehemu ya juu ya namba ingekatwa. Nililisoma mara moja. Mashine si ilikuwa inafanya kazi? Nikaongeza neno moja kwenye mstari ule, la kuiambia kompaila kwamba namba hiyo ni ndogo na mimi nimeridhika. Onyo likanyamaza, nami nikaenda kunywa chai.

Miezi michache baadaye tanki la Kabazi likaacha kupoza. Fundi akaenda, akazima kidhibiti na kukiwasha upya, kikakubali. Kikakataa tena, tukafanya vilevile. Mara zote mbili nililaumu kukatika kwa stima. Mara ya tatu mdosi wangu, mkuu wetu wa kazi, mzee aliyetengeneza friji miaka mingi kabla ya kompyuta kufika karakana yetu, akanituma mimi mwenyewe.

Nilifika asubuhi nikakuta maziwa yameharibika, na wakulima wamesimama na mitungi yao wakimtazama yule mama.

"Fundi, leo hautaniambia ni stima," akasema hata kabla sijamsalimia.

"Mathe, huku stima imekuwa ikisumbua..."

"Jana haikupotea. Na hii kitu yenu si iko na betri? Kuja uone."

Nyuma ya mlango alikuwa na kalenda iliyochorwa misalaba mitatu kwa biro nyekundu. Akaweka kidole kwenye wa kwanza. "Hapa ndio ilikataa, mkakuja mkawasha. Hebu hesabu mpaka ya pili."

Nikahesabu siku hamsini. Kutoka wa pili hadi wa tatu, hamsini tena.

"Kitu ya kuharibika ovyo haina tarehe," akasema. "Hii iko na tarehe kama ng'ombe ya kuzaa."

Hesabu hiyo ya siku niliijua. Draiva ile ilitafuta wastani kwa kugawanya jumla ya vipimo kwa muda uliopita tangu kidhibiti kiwashwe, na muda huo ilihesabu kwa sehemu za elfu za sekunde. Namba ndogo, ile ya biti thelathini na mbili, hujaa baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba, kisha inarudi sifuri kama mita ya gari kuukuu. Siku ya hamsini, muda ulikatwa ukaonekana kuwa sekunde chache tu. Jumla kubwa ikigawanywa kwa muda mfupi hivyo hutoa joto lisilowezekana. Kidhibiti kiliona sensa imekufa, kikazima kompresa. Na mstari wenyewe ulikuwa ule niliounyamazisha.

"Mathe, hii ni makosa yangu," nikamwambia. "Mashine ilinionya, nikainyamazisha."

Akauliza: "Umeijua sasa?"

"Nimeijua."

"Basi rekebisha. Wakulima nitaongea nao mimi."

Akatoka akaongea nao. Sijui aliwaambia nini, ila hakuna aliyenipigia kelele nilipopita.

Mdosi nilimweleza yote nikiwa nimesimama, nikingoja kufutwa. Akauliza kitu kimoja: "Umenyamazisha ngapi zingine?"

"Nne."

"Anza na hizo." Kisha akachukua simu, akawapigia watu wa vituo vingine, Rongai wakiwa wa kwanza, wawashe vidhibiti vyao upya kabla siku hazijatimia.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja. Nilitoa neno langu, nikaweka njia ya kugawanya inayopokea namba kubwa nzima. Sikungoja wiki saba kuyajaribu. Nilianzisha saa ya kidhibiti dakika tano kabla ya kujaa. Kwa programu ya zamani joto liliruka juu kama lilivyofanya Kabazi. Kwa mpya, lilibaki digrii nne, muda ukapita mpaka wake, bado nne. Niliitazama ile nne mpaka chai ikapoa.

Nikatuma kiraka, yaani marekebisho hayo, kwa watunzaji wa ule mfumo. Mmoja wao, mtu nisiyemjua hata kwa sura, alijibu kwa upole kwamba ni sahihi, ila nieleze tatizo lilivyojitokeza na nani aliligundua. Wana desturi ya kuandika jina la aliyeripoti. Nikampigia mama, nikamwomba jina lake.

"Wataniita korti?"

"Hapana, mathe. Ni shukrani."

"Basi andika majina yangu yote matatu."

Majina hayo yako huko mpaka leo, na kila anayechukua mfumo ule anaweza kuyasoma. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vingi, na ninawaheshimu, lakini walionishika mkono siku ile ni yeye, na mzee ambaye angeweza kunifukuza akaniuliza swali badala yake.

Nilipompigia mama kumwambia kiraka kimekubaliwa, alifurahi kidogo tu.

"Sawa. Sasa hii taa ya kijani inapepesa tangu Jumanne. Hiyo nayo ni nini?"

Nikamwomba anieleze polepole, nikaanza kuandika.