Elfu Tano ya Soda

Sala ya alfajiri imekwisha. Katika chumba cha bweni kinachonukia mvuke, Dada Pasi, kama wenzake wanavyomwita, ananyoosha kola ya shati la mtu. Mkeka wa kusalia bado umetandikwa. Kila simu inapotetema, mkono wake unasita.

"Leo nitaunguza nguo ya watu," anasema, akijaribu kucheka.

Ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa pili. Shati moja humpa elfu moja. Asubuhi njema, elfu kumi. Kesho ndiyo mwisho wa kulipa ada ya mtihani. Asiyelipa haingii, naye amepungukiwa laki moja na nusu.

Kwenye simu upo mkopo unaotolewa kwa dakika mbili. Haukuandikwa riba, umeandikwa "ada ya huduma." Wenzake huuchukua hata kwa kununulia viatu.

"Mbwa umwite paka, bado atabweka," anasema.

Tegemeo lake ni mchezo: wasichana wanane wa bweni, wote Waislamu, huchanga kila wiki na mmoja akabeba laki mbili zote. Zamu ya leo ni ya mwenzake wa chumbani. Yake bado wiki tatu. Jana alimwomba wabadilishane.

"Chukua, shoga yangu," akajibu mwenzake. "Ila utaniongezea elfu tano ya soda."

"Hiyo soda ndiyo riba yenyewe."

"Makubwa! Haya, ninyooshee nguo bure."

"Hata hiyo ni faida juu ya deni."

"Basi kaa na dini yako, mimi nina kiu!" Mlango ukabamizwa.

Tangu hapo hajatulia. "Mama aliuza cherehani nisome," anasema kwa sauti ya chini. "Nikifungiwa nje nitamwambia nini? Kwamba nimeshindwa na soda?"

Mlango unasukumwa. Mwenzake anaingia bila salamu, anamwaga furushi la nguo kitandani na kuweka noti juu yake.

"Nakulipa bei ya watu wote. Usije ukanishtaki kwa Mungu kwamba nimekula riba ya pasi."

"Na zamu?" anauliza Dada Pasi, pasi ikiwa hewani.

"Chukua. Soda nitajinunulia."

Dada Pasi anachomoa waya, anakaa. Muhula ujao nao una ada yake, na hajui itatoka wapi. Ila akihitimu, inshallah, anataka kuanzisha mfuko wa wanafunzi wa kukopeshana bila nyongeza.

"Mfuko ambao mtu akisema soda," anasema, akirudisha waya ukutani, "anamaanisha soda."